Pinki ya Mbegu

Tarehe mosi Aprili kila mtu huwinda mjinga wake. Mwaka wa 2006 mimi sikuhitaji mwindaji. Nilijitegea mwenyewe, nikanasa mwenyewe, na kamba nilikuwa nimeisokota kwa mikono yangu miwili. Kwa hivyo tusipoteze wakati kumtafuta: mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, Ngige wa Nyaruai, mwanafunzi wa usanifu, kijana aliyejua majina ya rangi kuliko majina ya majirani wa mama yake.

Nilikuwa nasoma katika chuo kimoja kidogo mjini Bungoma, chuo chenye meza nyingi kuliko viti. Mwalimu wetu wa rangi aliitwa Walubengo, mtu wa Bokoli, mrefu, mwenye koti lililobeba tone la kila rangi aliyowahi kufundisha. Alikuwa akisema "langi", nasi tulimwiga kila alipogeukia ubao, mimi nikiwa mstari wa mbele. Mimi, ambaye kwetu bata anaitwa mbata na hakuna anayecheka.

Muhula ule alitupa kazi moja tu. Kila mwanafunzi achague rangi, aende akaulize watu inasema nini, kisha aiweke karibu na rangi nyingine aone kama itabadilisha maneno.

"Na msiniletee mambo ya kitabu," alituonya. "Ati nyekundu ni mapenzi, nyeupe ni amani. Huyo aliyeandika hajawahi kukanyaga Bungoma. Rangi ni kama mtu. Hujui tabia yake mpaka umwone akikaa na majirani."

Nilichagua pinki kwa sababu hakuna kijana mwingine aliyeitaka, na mimi nilipenda kuwa yule anayechekwa kwa hiari yake. Likizo fupi ya mwezi wa tatu nikarudi nyumbani Kitale, nikazunguka sokoni nikiuliza. Muuza mitumba akaniambia pinki ni ya mtoto wa kike, basi. Kinyozi akasema mwanaume akivaa pinki ama ana pesa ama ana wazimu, na kwamba akinitazama viatu anajua mimi niko upande gani. Mchungaji wetu alifikiri sana, akasema pinki ni nyekundu iliyookoka nusu.

Maana nikawa nazo. Rangi yenyewe ndiyo iliyonikataa. Rangi za dukani zilitoa pinki ya dawa ya meno, pinki ya ubani wa kutafuna, pinki isiyoweza kumwamsha mtu. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa siku mama yangu aliporudi kutoka shamba alilokodi huko Kiminini, akaweka mfuko wa mbegu ya mahindi iliyobaki kwenye dirisha la jikoni. Mfuko ulikuwa umetoboka. Punje chache, zikiwa na rangi ya dawa ya wadudu zinayopakwa kiwandani, zikadondoka sakafuni, juu ya saruji ya kijivu, na mimi nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina.

Hiyo ndiyo ilikuwa pinki. Pinki isiyopiga hodi. Juu ya kijivu cha saruji ilikuwa inawaka.

Ijumaa, mama alipokuwa kisimani, nilimimina mbegu yote kwenye karai, nikatia maji ya moto na chumvi ya kushikisha rangi, nikasugua. Maji yakawa kama yametiwa damu na maziwa. Nikachovya vipande vya shuka kuukuu, nikachovya tena, na kila nilipoinua kitambaa nilicheka peke yangu. Mama alirudi, akapita nyuma yangu na mtungi, akaniambia jambo. Nikamjibu, "Sawa, mama." Ningemjibu sawa hata kama angeniambia nyumba inaungua.

Baada ya hapo mahindi yalibaki karaini yakiwa meupe, yamefura, hayana tofauti na mahindi mengine yoyote duniani. Kuyatupa nilishindwa. Mwaka ule njaa ilikuwa imepita karibu na milango ya watu, na katika nyumba ya mama yangu Nyaruai hata punje iliyodondokea majivuni iliokotwa. Nikayatandaza kwenye ungo, nikauweka mlangoni pa jikoni ili nikirudi niyapande nyuma ya choo.

Kwamba mbegu ina sumu nilijua. Nani hajui? Mtoto wa Trans-Nzoia, wilaya yetu ya mahindi, hufundishwa kabla ya kufundishwa kuhesabu: hindi lenye rangi haliliwi. Lakini kichwani mwangu rangi na sumu vilikuwa kitu kimoja, na kitu hicho nilikuwa nimeshakihamishia kwenye shuka. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikajiona mtu mwangalifu sana.

Jumamosi alfajiri nikashika njia ya Bungoma na vitambaa vyangu vikiwa vimekunjwa kwenye gazeti.

*

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi wa chuo. Nilitundika vitambaa vitatu. Pinki na kahawia ya udongo: ukiitazama unaona kidonda kinachopona. Pinki na kijani cha jani la mhindi: sherehe. Pinki na nyeupe: nguo za mtoto mchanga. Rangi ile ile, na kila jirani aliibadilishia tabia. Mwalimu Walubengo alisimama mbele ya vitambaa, mikono nyuma, akavitazama kwa muda mrefu zaidi ya alivyovitazama vya wengine.

"Kijana," akasema, "leo hujacheza."

Kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, na nilianza kupanga namna ya kuirudia mbele ya watu.

Karibu yangu alikuwa Chepchumba, msichana wa kutoka miteremko ya Mlima Elgon, ambaye rangi yake ilikuwa kile kijivu cha maziwa yaliyotiwa mkaa wa mti kwenye kibuyu. Nilikuwa nimemtania wiki nzima kwamba ametuletea rangi ya mvua. Akaja, akashika ncha ya kitambaa changu, akainusa.

"Hii naijua. Hii ni ya mbegu."

"Umenikamata."

"Uliitoaje?"

"Niliosha. Maji ya moto na chumvi. Utaalamu, dada."

Akacheka. Ana kicheko kizuri kinachoanzia puani. Kisha kicheko kikakatikia hapo hapo puani.

"Na mahindi?"

"Mahindi gani?"

"Yale uliyoosha, Ngige. Sasa hayana rangi. Yako wapi?"

"Kwa ungo. Nyumbani, mlangoni pa jikoni."

"Nani yuko nyumbani?"

Nilifungua mdomo niseme "mama tu", na badala ya neno hilo nikasikia neno lingine, lile ambalo mama alikuwa ameniambia jana akipita na mtungi. Lilikuwa limekaa sikioni mwangu tangu jana bila kupata mtu wa kulifungulia mlango. Sasa likaingia lote, na sauti yake na uchovu wake: Ngige, wamama wa kanisa wanakuja kesho. Nilowekee mahindi ya githeri, nitayapika na maharagwe.

Sawa, mama.

Yeye alikuwa ameamka asubuhi, akafungua mlango wa jikoni, akakuta mahindi meupe, yamelowekwa, yamefura vizuri, yamewekwa mahali ambapo asingeweza kuyakosa. Alikuwa amenishukuru moyoni. Huenda alisema kwa sauti, maana huwa anaongea peke yake akipika: huyu mtoto siku hizi amepata akili.

"Chepchumba," nikasema, "lakini nimeyaosha. Niliyasugua mpaka maji ya mwisho yakawa safi."

Alikuwa anafuta vidole vyake kwenye sketi, kimoja kimoja, vile vilivyoshika kitambaa.

"Sisi pia tuliosha," akasema. "Tulikuwa tunampa ng'ombe. Baba alisema maji yakiwa safi, sumu imeenda. Ng'ombe alianza na mate. Mate yanatoka tu, kama anaona chumvi. Tukafikiri ni njaa."

"Halafu?"

"Ngige, piga simu."

*

Mama hakuwa na simu. Aliyekuwa nayo ni jirani yetu Kemboi, Baba Jerop, muuza maziwa, ambaye simu yake ililala dukani ikichajiwa zaidi ya ilivyokaa mfukoni mwake. Mwalimu Walubengo alinipa ya kwake bila kuuliza. Nikapiga. Yule mwanamke wa mitambo akaniambia kwa upole kwamba mteja hapatikani. Nikapiga tena, akanijibu kwa upole ule ule, na nikatamani angekasirika kidogo, angalau tuwe wawili.

Mwalimu alinisikiliza nikieleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho, nikirudi kwa chumvi, nikiruka kwa wamama. Alipoelewa hakusema pole. Alitoa ufunguo.

Alikuwa na pikapu ambayo wanafunzi tuliiita Maonyesho, kwa sababu mlango mmoja ulikuwa wa bluu, boneti nyeupe, na kilichobaki kilikuwa cha kijani. Nilikuwa na utani wa kutosha juu ya gari hilo kunitosha mpaka uzeeni. Siku hiyo niliingia kimya, Chepchumba akakaa katikati na simu, na mlango wa upande wangu nikaushikilia kwa mkono maana ulikuwa haujifungi.

Kutoka Bungoma mpaka Webuye simu haikupumzika. Chepchumba alikuwa anapiga, anasikiliza, anakata. Miwa ilisimama kando ya barabara, kisha mahindi machanga, na kila shamba la mahindi lilikuwa linanitazama. Nilijaribu kupiga hesabu ya jiko. Githeri ya mahindi makavu hukaa motoni nusu siku. Nilishikilia hilo kama mtu anavyoshikilia nyasi mtoni. Kisha nikakumbuka kwamba mahindi haya hayakuwa makavu. Yalikuwa yamelowa maji ya moto. Yangeiva upesi, na mama angefurahi yanavyoiva upesi.

"Mama yako," Mwalimu akasema ghafla, macho barabarani, "ni mtu wa kuonja?"

"Kuonja nini, Mwalimu?"

"Chakula. Akiwa anapika."

Kila anayepika githeri huonja. Huchota kwa mwiko, hupuliza, huuma punje moja kwa meno ya mbele ajue imefika wapi. Baadaye kidogo huonja tena. Na mama yangu alikuwa mpishi wa kusifiwa, yaani alionja sana.

Tulipofika Kamukuywa, simu ikaita upande wa pili. Chepchumba alinipa kwa haraka mpaka ikaniponyoka, nikaiokota sakafuni mwa gari.

"Ngige," Kemboi akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu. "Nimengojea hii simu yako tangu asubuhi."

"Baba Jerop, nisikilize. Kimbia kwetu. Mwambie mama wasile hayo mahindi. Yale ya kwa ungo. Yana sumu."

Halafu akacheka, kile kicheko cha mtu aliyewekewa shimo akaliona kutoka mbali.

"Mwaka jana ni ng'ombe wangu alikuwa ameshikwa, yuko kwa chifu. Nilivaa koti, nikaenda mpaka kwa chifu. Nikamwamkia. Nikamuuliza ng'ombe. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Baba Jerop, ile ilikuwa mchezo. Hii—"

"Leo ni tarehe gani?"

"Najua ni tarehe gani. Naapa."

"Apa, bana. Apa vizuri nikusikie."

Nikaapa. Niliapa kwa Mungu, kwa kaburi la baba yangu, kwa macho yangu mawili, na kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kucheka, kwa sababu mwaka jana pia niliapa, na kwa kaburi lile lile. Nyuma yake nilisikia nyimbo. Wamama walikuwa wanaimba, sauti ya pili ikiwa imepanda kidogo kuliko inavyotakiwa, na hiyo ilikuwa ya Wakonyo, mwenyekiti wao.

"Wanaimba huku kwenu," Kemboi akasema. "Niko kwa ua nawasikia. Watu wamekula sumu wanaimba?"

Wamekula. Alisema wamekula, au alisema wakila? Kabla sijamuuliza, Chepchumba akaninyang'anya simu, akamwongelesha kwa lugha yao, haraka, bila kupumua. Nilimtazama usoni nijue kama anaaminiwa. Akasikiliza. Kisha akaitoa simu sikioni.

"Nini?"

"Anasema umetafuta mpaka msichana wa kwao akusaidie kudanganya. Anasema mwaka huu umejitahidi." Akaitazama simu. "Imezimika. Ya kwake."

Mwalimu Walubengo alikanyaga mafuta. Maonyesho ilikuwa na uwezo wake, na uwezo huo haukuongezeka, ila kelele ziliongezeka. Mimi nilitia ngumi mdomoni. Nimewahi kulala njaa, nimewahi kufukuzwa na polisi kwa kuuza karanga mahali pasipotakiwa, nimewahi kuona baba yangu akishushwa kaburini mvua ikinyesha, na kwa yote hayo nilipata mzaha wa kuniokoa. Niliutafuta mzaha mmoja tu kati ya Kamukuywa na Kiminini. Sikuupata. Mate yalikuwa yananijaa mdomoni kwa hofu, na kila nilipoyameza nilimwona ng'ombe wa Chepchumba.

*

Nyumbani kwetu Matisi, pembeni mwa Kitale, lango lilikuwa wazi na hakukuwa na wimbo.

Viti vilikuwa vimepangwa uani kwa duara, vimekaa kama watu wanaongea. Kitambaa cha kichwa, bluu ya wamama wa kanisa, kilikuwa kimeanguka chini kikakanyagwa. Sahani zilikuwa kwenye nyasi, nyingine zimepinduka. Githeri ilikuwa imemwagika: mahindi meupe, maharagwe mekundu, kijani cha majani ya kunde. Nitasema ukweli, na mnihukumu. Kabla ya jambo lolote, jicho langu liliona kwamba rangi hizo zinapendana. Zilipendana kuliko vitambaa vyangu vyote. Halafu nikashika nguzo.

Mama mmoja wa kanisa alikuwa ameketi kando ya sufuria, fimbo mkononi, akifukuza kuku.

"Ni wewe," akasema. Hakunisalimia. "Wamepelekwa hospitali. Mama yako na Wakonyo. Kemboi amewabeba na gari ya maziwa. Mimi nimeachwa nichunge hii kitu, hata kuku asikule."

"Wengine je?"

"Wengine wako wazima, wanaomba huko kwa Kemboi. Tulikuwa hatujaanza. Kemboi alikuja akicheka. Akasema, Mama Ngige, mwanao amepiga simu, ati mahindi ya kwa ungo ni sumu, lakini leo mimi hanipati. Sisi tukacheka. Hata Wakonyo alicheka akiwa na kijiko mdomoni, maana yeye alikuwa amejipakulia mbele, unamjua. Mama yako hakucheka. Akauliza, amesema ya kwa ungo? Kemboi akasema ndiyo. Akashika mdomo hivi. Alikuwa anameza mate tangu tufike, na jasho, tukamwambia ni moto wa jiko. Akaanza kupiga sahani. Alizipiga kwa mkono, moja moja, kutoka kwa mikono ya watu. Mimi yangu alinipiga mpaka kidole."

Akanionyesha kidole. Chepchumba alikuwa ameshaingia jikoni na kutoka, mfuko mtupu wa mbegu mkononi.

"Daktari atataka kujua ni dawa gani," akasema, na akatangulia garini.

*

Kemboi alikuwa kwenye baraza la hospitali, kofia mikononi, anaizungusha. Aliponiona aliinuka, akaketi tena.

"Wako hai?" nikamuuliza.

"Wako ndani. Sijaambiwa kitu." Akaizungusha kofia. "Ungelia, Ngige. Ungelia kidogo tu kwa simu, ningejua ni kweli."

"Nilikuwa nalia, Baba Jerop."

"Ulikuwa unalia kama mtu anayecheka."

Mwalimu alichukua mfuko, akaupeleka ndani. Tukangoja. Mlango wa wodi ulikuwa na kioo kilichopakwa rangi nyeupe ili watu wasichungulie, na kila kivuli kilichopita nyuma yake nilifikiri ni mtu anakuja kuniambia. Chepchumba aliketi karibu nami. Mara moja tu alisema, "Ng'ombe hakupelekwa hospitali," na nikaelewa kwamba ananifariji.

Daktari alitoka jua likiwa bado juu. Alikuwa kijana karibu wa rika langu na hilo lilinitisha zaidi. Alisema Wakonyo alikula kidogo na kutapika kingi, huyo hana shida. Mama yangu alikuwa ameonja asubuhi nzima, tumbo likiwa tupu. Wamemsafisha, wamempa dawa, walihofia kifua kikikataa kupumua, na kwa muda kilikuwa kimetaka kukataa. Sasa kimekubali. Angelala pale, waendelee kumtazama.

"Nani alipika mbegu?" akauliza.

Tukatazama chini, sote wanne, kana kwamba aliyepika alikuwa ameangukia sakafuni.

Walituruhusu kuingia. Mama alikuwa mdogo kitandani. Sijui jinsi ya kusema hivyo vizuri zaidi: alikuwa mdogo. Midomo ilikuwa imepauka, mkono umefungwa mpira wa maji, na jicho lake lilipotugeukia mboni ilikuwa imepungua kama tundu la sindano. Nilishika miguu yake juu ya blanketi kwa sababu sikuthubutu kushika sehemu nyingine. Ilikuwa na joto. Nikaishikilia.

Kwenye kitanda cha pili Wakonyo alikuwa ameshapata sauti, mbaya, ya kukwaruza, lakini sauti.

"Nyaruai," akasema, "wewe umepanda mahindi tangu tuje hapa Kitale. Umepanda kuliko mimi. Sasa ni nini ilikupata upike mbegu, uitie vitunguu, utukaribishe?"

Mama alikuwa anatazama dari.

"Mimi nauliza tu," Wakonyo akaendelea. "Kama ni kuniua, ungeniambia nijitayarishe. Nimevaa sweta yenye tundu."

"Mama Wakonyo, wacha apumzike," Kemboi akasema.

"Wewe nyamaza, wewe uliyeletewa habari ya kifo ukaileta kama mchekesho."

Mwalimu Walubengo akasafisha koo, akasema kwamba kama ni makosa, yeye ndiye aliyewatuma watoto wa watu kutafuta rangi, na kwamba anaomba msamaha kama mwalimu na kama mzazi. Alisema vizuri, kwa unyenyekevu. Mambo yangeishia hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza, ashike miguu ya mama yake, amshukuru Mungu.

Lakini hofu inapomtoka mtu mwoga kwa ghafla humwachia ulimi. Nilikuwa nimekaa siku nzima nikijihukumu, na sasa kwa kuwa hakuna aliyekufa nilitaka rufaa.

"Hata mimi nimeshangaa, mama," nikasema. "Mfuko ulikuwa pale pale kwa dirisha, mtupu. Si ungeona mbegu haiko? Si ungejiuliza imeenda wapi?"

"Ngige," Chepchumba akasema polepole.

"Hapana, nauliza. Mimi sikusema ni ya kupika. Niliiweka tu pale. Mtu akikuta kitu mlangoni anauliza kwanza. Na mbegu ni mbegu, hailiwi, hiyo hata mtoto mdogo wa Kitale anajua."

Mama akaacha kutazama dari. Aligeuza kichwa pole pole, kwa shida, mpaka ile mboni ndogo ikanipata. Sauti yake ilikuwa chini sana, na wodi nzima ikainama kuisikiliza.

"Anajua kwa nini?"

"Kwa rangi," nikasema.

"Mimi sikusomea rangi, Ngige. Nilikuwa naijua hiyo moja tu, na wewe ukaiosha."